Mzee wa Kilemba

Juzi niliona kwenye simu kitabu kama kile cha babu yake Hansa, Mhindi rafiki yangu wa utotoni, chenye michoro ya Mzungu wa zamani aliyezunguka India, nikaona wivu upya.

Chao kilikaa dukani kwao Mbeya, kimefungwa kitambaa chekundu, kikinukia udi. Mchana mmoja wa mvua Hansa alinifungulia, akaweka kidole kwenye mchoro wa mzee mwenye kilemba.

“Huyu babu wa babu yangu.”

Nikaamini. Niliponyoosha mkono, akanizuia. “Kanawe kwanza.”

Nilikimbilia nyumbani nikilia. “Mama, sisi tumechorwa wapi?”

Mama hakuinua macho. “Chukua kisu, umenye viazi.”

Kwenye simu niliuona mchoro uleule, na chini yake pameandikwa “mchuuzi” tu, bila jina. Lakini Hansa alikuwa na pa kuweka kidole. Mimi nilikuwa na viazi.