Kiwiko Changu kwenye Filamu ya Mama

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mdogo wangu alikuja kutoka Kinshasa na kamera ya video, basi jembe angelishika kwa mkono upi? Ilikuwa ndogo, nyeusi, na ilichukua picha safi kiasi kwamba kwenye televisheni uliona kila mkunjo wa shingo ya Mama. Alisema picha za simu si kitu. Anataka filamu ya kweli ya Mama, ya kuwaachia watoto.

Mama anaishi kwangu, hapa Kisangani, tangu miguu ilipomkataa. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayempikia pondu, majani ya muhogo, bila pilipili kwa ajili ya tumbo lake. Miaka yote hiyo, akiongea nami ni habari ya chumvi au ya mto wa kulalia. Kamera ilipowashwa akawa mtu mwingine. Alisimulia utoto wake pale kwenye maporomoko, jinsi baba yake alivyopanda juu ya miti ya mitego ya samaki huku maji yakinguruma chini, na yeye na mama yake wakingoja ukingoni na kikapu. Mdogo wangu alikuwa anacheka nyuma ya kamera. Mimi nilikuwa jikoni, nikizisikia hadithi hizo kwa mara ya kwanza, kupitia dirishani. Roho iliniuma, sitaficha.

Jumapili umeme ulikuwepo, tukaangalia wote sebuleni, pamoja na tonton, mdogo wake Mama. Mama alijaa kioo kizima. Nikajitafuta. Nilikuwemo kweli: kiwiko kimoja na beseni.

"Huyu binti ya Kinshasa anapendaka mama yake sana," tonton akasema.

Nikaenda kuosha sahani zilizokuwa safi.

Siku chache kabla ya kuondoka, mdogo wangu alitaka picha ya mwisho: Mama na liboke ya samaki. Kupika nikapika mimi, kama kawaida. Nilikunja samaki kwenye majani, nikafunga kwa kamba, nikaweka juu ya makaa. Sasa kwetu, aliyefunga liboke ndiye anayeifungua mbele ya wanaokula. Hapo ndipo watu wanajua mkono uliopika. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kusahau. Alimvika Mama kitenge kipya, akamkalisha mbele ya mbabula yangu, makaa yakiwa bado mekundu.

"Yaya," akaniita, maana mimi ndiye dada mkubwa, "sogea kidogo, kivuli yako inaingia."

Nikasogea.

"Bon, Mama, fungua. Sema ni wewe ulipika."

Mama akagusa fundo, akaondoa mkono. "Hii haiko fundo yangu."

"Fungua tu, Mama. Watu hawatajua."

"Mimi nitajua. Mwenye alifunga iko wapi? Akuje afungue."

Akaiweka liboke chini na kukunja mikono, na ukimjua Mama, mambo yameisha hapo. Basi nikaingia na kitenge changu cha jikoni, nywele hazijasukwa, majivu mpaka kwenye nyusi. Mwezi mzima nimetamani kuonekana, na hivyo ndivyo nilivyoonekana. Nilipokuwa nahangaika na kamba, Mama akaiambia kamera, "Fundo yake inakazaka sana. Anaogopaka supu imwangike, tangu iko mutoto." Sikujua kwamba aliwahi kuyaangalia mafundo yangu.

Nilidhani mdogo wangu angekata kipande hicho. Hakukata. Jumapili iliyofuata tulikiona chote, vidole vyangu vikubwa kwenye kioo na Mama akiviangalia. Niliketi kando ya Mama, na ninakiri nilikuwa nimenyoosha shingo.

Picha zilipokwisha, Mama akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe ulikuwa wapi siku hizo zote?"

"Nilikuwa pale, Mama. Mimi ndiye nilishika kamera."

Mama akaangalia tena televisheni, ambayo ilikuwa nyeusi. "Mimi sikukuona."

Mdogo wangu akaitia kamera ndani ya mfuko wake, akafunga zipu taratibu. Uso wake niliutambua mara moja, maana nilikuwa nimeuvaa mimi mwezi mzima. Akaja kutafuta mahali pa kukaa karibu na Mama. Nikasogea nimpishe. Nilisogea kidogo tu.