Gari Kuukuu Hutangulia

Sinywi tena kahawa siku ya Jumapili. Anayetaka kujua sababu aniulize, nami nitamjibu kwa hasira, kwa kuwa hasira yenyewe haijapoa na sina nia ya kuipoza.

Tulikuwa watu sita wenye magari ya kupanda milima. Mimi ni fundi wa magari hapa Rumonge, na gari langu ni jipu la marehemu baba, lililoteremsha mawese kutoka vilimani tangu sijaota ndevu. Wenzangu watano walitoka Bujumbura na magari mapya, yenye hema juu ya paa na bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi juu, ili injini isinywe maji. Jumamosi haikuwezekana, asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii, basi tulikutana Jumapili. Walifika saa nne, wakafungua boneti, wakashika vikombe na kuanza kuulizana habari za springi. Madereva wa mabasi madogo ya Nyanza-Lac wanalala kwenye foleni ya mafuta, na hawa wanateremka na matangi yaliyojaa ili wanywe kahawa! Nililiona hilo na nikanyamaza. Walikuwa wakilisifu jipu langu, na sifa zilinivimbisha kichwa.

Kahawa yenyewe ilikuwa ya shangazi yangu, dada wa baba. Aliipika na tangawizi kwenye birika kubwa, chini ya turubai kando ya barabara kuu. Hapo hapakuwa pake. Miaka yote aliuzia barazani kwake, mtaa wa chini, mpaka ziwa lilipopanda, likaingia mtaani na kugoma kutoka. Majirani walihama. Yeye alienda kulala kwa mwanawe, lakini nyumba hakuiacha. Msingi wake ulikuwa wa mawe, unafika magotini, na maji yalikomea kwenye hayo mawe. Juu yake ndipo yalipoanza matofali mabichi, ya kukaushwa juani tu. Kila asubuhi alikunja kanga, akaingia majini, akachora mstari wa mkaa kwenye jiwe pale maji yalipofika. Mwezi ule mistari ilikuwa inashuka.

"Vidole tatu, baba," aliniambia Jumapili hiyo akinimiminia. "Mungu akipenda, Ramadani hii nitafuturia kwangu."

Nikamwambia amina, nikanywa. Haikupita nusu saa, mwenye gari jeupe akanishika bega. "Fundi, huku hakuna fasi iko maji ya kuvuka? Hii bomba tuliweka ya bure?"

Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kuwapeleka kwenye tope la mashamba ya michikichi, wakazama hadi milangoni wakafurahi. Badala yake nikasema kwamba mtaa wa chini naujua tangu utotoni, chini ya maji ni kokoto tupu, gari halizami. Shangazi alikuwa amegeuka akipepea makaa, hakusikia.

Sisi tulikuwa na desturi moja: gari kuukuu hutangulia. Jipya halilipiti njiani, na mwendo ni ule wa kuukuu. Nilikuwa naipenda desturi hiyo kupita kiasi, wacha niseme kweli. Nikatia gia nzito, nikaingia mtaani taratibu, maji yakafunguka mbele yangu bila fujo. Nilipita mlangoni kwa shangazi nikaiona mistari yake ya mkaa, mmoja chini ya mwingine. Nyuma yangu injini zikaanza kunguruma. Mmoja wao alikuwa amebaki mahali pakavu na simu yake ili apige picha, na wale wanne wengine walitaka maji yaruke. Wakaja mbio. Wimbi likapanda juu ya mawe, likapiga matofali, likarudi, likapiga tena. Nikapiga honi kuwazuia. Wao wakadhani nashangilia, wakapiga za kwao.

Mwisho wa mtaa wakageuza na kurudi kwa mbio zilezile, mimi nikiwafuata nyuma, kwa sababu picha ya kwanza haikutoka vizuri. Safari hiyo ukuta wa mbele haukuvumilia. Haukuanguka kwa kishindo. Ulilainika, ukakaa chini kama mtu aliyechoka, na paa likainama juu yake. Ndani nikaona kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali, mkeka uliokunjwa, na kofia ya marehemu mumewe ikiwa bado kwenye msumari.

Nilishuka majini nikatukana. Nilitukana kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa, na hakuna tusi hata moja ninalolijutia. Mwenye gari jeupe alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi, kisha akasema, "Lakini fundi, iyo nyumba haikukuwa na mutu."

Haikuwa na mtu! Mpaka leo maneno hayo yakinijia nikiwa na spana mkononi, inabidi niiweke chini kwanza.

Shangazi aliitwa, akaja, akasimama ukingoni mwa maji. Aliutazama ukuta uliolala majini. Kisha akarudi kwenye birika lake kwa kuwa alikuwa ameacha makaa yanawaka.

Jumapili iliyofuata walirudi, magari yameoshwa, na mifuko ya saruji imefungwa juu ya paa. Mimi nilikuwa nimefika mapema na damu imenipanda, nangoja shangazi awafukuze ili nimsaidie. Shangazi akapokea saruji, akashukuru kwa Kirundi, murakoze, akaanza kuwamiminia kahawa mmoja mmoja. Mwenye gari jeupe alipewa kikombe kilichojaa. Nikanyoosha changu. Birika likanipita.

"Shangazi," nikasema, na sauti yangu ilisikika hadi ng'ambo ya barabara, "hawa njo walikuvunjia nyumba, na unawapa kahawa?"

"Hawa ni wageni," akajibu. "Hawakujua ile nyumba iko ya nani. Weye ulijua. Na mbele ulikuwa weye."

Akalirudisha birika kwenye makaa.