Muhuri Nilioupeleka Dunga

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Meneja wa Tawi alinikabidhi muhuri wa mpira akaniambia niulinde kuliko suruali yangu. Ofisi yetu ya bima ya hospitali mjini Kisumu ilikuwa na dirisha moja tu. Mwajiri alikata mchango kwenye mshahara wa mfanyakazi, akatuletea, nasi tukagonga muhuri kwenye kadi ya mwanachama mwezi kwa mwezi. Kadi iliyojaa ndiyo iliyolipia kitanda. Mwezi mmoja ukikosekana, mgonjwa alijitegemea.

Watu wasio na mwajiri, kama wavuvi, mafundi na wauza samaki, waliruhusiwa kujiunga kwa hiari, lakini ilikuwa lazima kila mmoja afike dirishani mwenyewe. Wengi niliwaandikisha Januari, na kufikia Pasaka wameshapotea.

Baadaye nilipelekwa Homa Bay kuwa karani wa madai, yaani mtu anayepitia karatasi za hospitali na kuamua zilipwe au zirudishwe. Huko nilijifunza kukataa bila kumtazama mtu usoni. Niliporudi Kisumu mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa afisa wa kuandikisha wanachama, chini ya Meneja mpya, mtu mpole aliyeogopa simu za Nairobi.

Ndipo nilipomjua Consolata. Aliuza samaki Dunga, ufuko wa ziwa nje kidogo ya mji, na kuongoza chama cha wanawake wenzake.

"Bwana Ouma," aliniambia, "nikikuja town kupiga foleni, samaki yangu inaharibika. Wewe samaki huna. Kuja huku."

Nilimweleza Meneja. Akafikiri, akasema, "Nenda. Lakini barua sitaandika."

Sikuidai barua hiyo. Kila mwezi nilipeleka muhuri Dunga, nikagonga kadi juu ya meza ya kupimia samaki, na kwenye daftari, safu ya mahali, nikaandika Dunga. Kwa karibu miaka miwili hakuna mwanamke wa chama kile aliyekosa mwezi.

Kisha Consolata akapasuliwa wakati wa kujifungua. Yeye na mtoto walipona, lakini karatasi zake zilirudishwa kutoka Nairobi: mihuri iliyogongwa nje ya ofisi haitambuliki. Hospitali ikakataa kumwachilia. Kidonda kilifunga, naye bado yuko wodini, askari mlangoni, wanawe wakubwa wakilishwa na majirani. Tukaarifiwa kwamba Mkaguzi Mkuu angefika Alhamisi.

Jumanne Meneja aliniita, akafunga mlango.

"Ouma, andika daftari upya. Andika walikuja dirishani. Huyo mama atatoka, wewe utabaki na kazi, na mimi pia."

Nitasema ukweli: nilikaribia kukubali. Nina watoto watano, na uwongo wenyewe ungemfungulia mlango mtu asiye na kosa. Lakini kwanza nilikwenda wodini nikamweleza Consolata. Alinisikiliza akimnyonyesha mtoto.

"Ukiandika nilikuja town," akasema, "hawa wengine watagongewa wapi mwezi ujao?"

"Ukikataa unaweza kukaa hapa sana, Mama."

"Nimeshakaa. Wacha iandikwe Dunga."

Alhamisi Mkaguzi alilifungua daftari mbele yetu. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Nani alikuruhusu?"

Nilikuwa na jibu, lakini sikuwa na karatasi ya kulithibitisha. Nikamtazama Meneja. Alikuwa anasugua kidole juu ya meza, pale pale, kama anafuta doa. Mkaguzi akauliza tena.

"Ni mimi," Meneja akasema. "Nilimruhusu kwa mdomo."

Kwa neno hilo Mkaguzi aliikubali mihuri iliyokwisha kugongwa, na Consolata akaachiliwa wiki hiyo. Meneja alistaafishwa mapema. Mimi nilipewa onyo, na muhuri ukakatazwa kutoka nje ya ofisi hadi Nairobi iamue. Mkaguzi aliniagiza niandike mapendekezo. Niliandika kwamba chama kitambuliwe kama mwajiri, afisa awafuate watu walipo, na mvuvi alipe msimu wa samaki wengi kwa ajili ya msimu wa njaa pia. Hayakujibiwa kwa miaka. Wanawake wa Dunga walijaribu kuja dirishani, wakachoka mmoja mmoja. Mmoja wao aliogopa gharama ya hospitali, akakaa nyumbani na uvimbe wa tumbo hadi akafa. Nilikwenda mazishini nikakaa nyuma.

Vijana wa kazi hii huja kuniuliza mchango upunguzwe au ulazimishwe. Yote mawili yana maana. Lakini mimi huwauliza kwanza mwanachama wao atapoteza siku ngapi za kazi ili awafikie.

Nilikuwa nakaribia kustaafu ruhusa ilipokuja: chama kingeweza kuandikishwa pamoja, ufukweni. Niliipeleka habari hiyo Dunga mwenyewe. Consolata alikuwa anapara samaki.

"Safari hii mtakaa," aliniuliza, "ama mtaenda tena?"

Nilimwambia sijui, na kwamba mimi mwenyewe naondoka mwezi ujao.

Alinawa mikono taratibu, akaifuta kwenye leso, akatoa kitambulisho.

"Basi andika kabla hujaenda," akasema.