Betri Iliyopumzishwa

Nilichagua hamsini na tano nikiwa nimesimama katika duka la sola pale Kitale. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri. Hakunichagulia. Aliniuliza tu.

"Hii betri ya lithiamu ukiijaza mpaka volti hamsini na nane kila siku, utapata saa nyingi zaidi, lakini itazeeka haraka. Ukiisimamisha hamsini na tano, haitashiba, lakini itakaa. Sasa wewe unataka ikae miaka mingapi?"

"Mingi."

"Mingi ni ngapi, bana? Hata mbuzi ana miaka."

Nilicheka naye. Sikumwambia kwamba betri ilikuwa ya kuendesha mashine ya oksijeni ya baba yangu huko Bumula, wala kwamba daktari alikuwa amekataa kutaja miaka hata mmoja. Niliposema mingi, sikuwa nikisema habari ya betri.

Baba alilimia watu kwa maksai karibu maisha yake yote. Mapafu yalipomwishia, tulimpa mashine, na stima ya kijijini ikawa inapotea kila mvua ikinyesha. Ndiyo maana nikanunua sola. Nyaya nilizifunga mwenyewe. Ufundi huo niliuokota Lodwar, katika moja ya safari zangu zisizo na sababu. Baba alikaa kitini karibu nami, mipira ya hewa puani, akitazama kila skrubu.

Mama, aliyeuza mahindi sokoni kwa mkebe wa gorogoro miaka mingi, hakupendezwa na namba yangu. "Kwa nini haijai? Gorogoro bila kilele ni wizi."

"Wacha kijana aseme," baba akamwambia.

Nikasema. "Betri ikijazwa mpaka juu kila siku, inachoka mapema."

"Inachoka," baba akarudia polepole. "Kama maksai."

"Kama maksai," nikakubali, nikifurahi kwamba ameelewa upesi hivyo.

Wiki hiyohiyo niliondoka. Sijui kukaa. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mtu wa barabara, na nikiwa barabarani nikawa mtu wa kukumbuka nyumbani, jambo ambalo mama husema ni ujinga wa aina mbili. Namba ile ya chini ilinifaa pia kwa sababu hiyo: haikuhitaji mtu wa kuiangalia. Nilipopiga simu kutoka Maralal au Kitale, baba alisema maneno yaleyale, akipumua kati ya moja na jingine.

"Hiyo sora yako iko salama, papa. Naitunza."

Kwetu wazee humwita mwana wa kiume papa, kana kwamba yeye ndiye baba. Sikuuliza anaitunzaje.

Nilirudi bila kutoa habari, mchana wa jua kali, mahindi yakiwa yametoa nywele. Kabla sijafika mlangoni nilihisi kitu kimepungua. Ile mashine hunguruma, na haikuwa ikinguruma. Baba alikuwa nje kivulini, mipira ikining'inia shingoni, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau.

"Stima imepotea?"

"Hapana. Nimefungua nira."

Ikabidi mama anieleze. Kila siku, saa sita ikifika, baba alizima mashine mpaka saa nane ili betri ipumzike. Maksai hawalimi jua likiwa utosini. Alikuwa akifanya hivyo tangu wiki niliyoondoka. Mama alimgombeza, akaambiwa kwamba mwenye kujua ni kijana, na kijana amesema inachoka.

Nilichuchumaa mbele yake nikaeleza. Saa hizo ndizo paneli zinaleta umeme mwingi kuliko unaotumika. Saa hizo angepumua bila kuigusa betri kabisa. Kuchoka ni neno la mafundi tu.

"Neno tu?"

"Neno tu, Baba."

"Na mimi nikampumzisha ng'ombe asiyekuwepo," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkunja. Nilimrudishia mipira puani, nikawasha mashine. Kisha nikapandisha namba mpaka hamsini na nane, kilele ambacho mama alikitaka tangu mwanzo.

Alifariki kabla mahindi hayajavunwa. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamekwisha, kwamba saa mbili za mchana zisingebadilisha kitu. Asubuhi huwa namwamini. Ikifika saa sita simwamini tena.

Mashine tuliipeleka kwa mgonjwa mwingine. Betri ilibaki, ikiwasha taa tatu na redio ya mama, nami nikairudisha hamsini na tano. Juzi nilipita nyumbani nikaipima. Bado ni kama mpya. Itakaa miaka mingi.

Nilikuwa bado nimeshika kipimo mama alipoingia kutoka shambani, mikono ina udongo. Redio ilikuwa katikati ya habari za saa sita. Aliinama, akapangusa vumbi juu ya betri kwa pindo la leso, akazima swichi.

"Wacha ipumzike, papa."

Nilikuwa na maneno yote ya kumweleza, yaleyale niliyompa baba. Nikarudisha kipimo mfukoni, tukakaa bila redio hadi saa nane.