Askari Aliyeuliza Habari za Kuku

Nakumbuka Jumapili moja pale Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, mwanangu, misa imetoka, na watu wamejaa mpaka mlangoni kwenye chumba cha video, wakinisubiri mimi. Si filamu. Mimi. Usinione leo na malori yangu matatu na nyumba ya ghorofa ukadhani nimeanza kujulikana juzi. Hata kabla sijashika shimo langu la kwanza la madini, jina langu lilikuwa mtaani. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri filamu.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilificha miaka mingi. Kiingereza nilikuwa sijui. Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi. Nilikuwa nasimama kando ya televisheni na fimbo yangu, mzungu anafungua mdomo, mimi naweka maneno. Nilikuwa nayatoa kichwani mwangu. Na yalikuwa matamu, sitaficha. Wapo waliosema filamu bila mimi haina chumvi.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya vita, ya zamani, isiyo na rangi. Shujaa wake ni askari mwembamba, macho yamezama ndani. Analinda daraja peke yake kutwa nzima. Anambeba mwenzake mgongoni kuvuka mto, na sisi tunaona kabla yake kwamba mwenzake amekwisha kufa. Hapo hakuna aliyekuwa anakohoa. Lakini filamu hiyohiyo inamwonyesha akimpiga risasi mtu aliyeinua mikono. Sasa huyo ni mtu mwema au mbaya? Nimeitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote Kolwezi, na leo ukiniuliza, sijui nikujibu nini. Ujanani sikujisumbua. Tukifika pale pa mikono nilikuwa nasema, "Huyu aliiba mbuzi," watu wanaridhika, tunasonga mbele.

Mwishoni askari anarudi kwake. Anasimama kwenye mlango wa jiko, kofia mkononi, haingii. Mkewe anakata vitunguu. Askari anamwambia neno fupi, mke hainui uso, naye anageuka, anaenda zake. Basi, imekwisha. Mwisho gani huo? Ili watu wasitoke na huzuni, nilikuwa nammalizia mimi, namfanya aulizie ugali: "Bibi, bukari iko wapi? Vita yote nimemaliza, imebaki njaa tu." Watu wanatoka wakicheka.

Jumapili hiyo kaka yangu mkubwa, Kasongo, alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amerudi kutoka uaskari miezi michache tu nyuma. Alikuwa ameondoka kijana wa mizaha, akarudi mtu wa kukaa kizingitini pa nyumba ya mama, mgongo ukutani, toka asubuhi mpaka jua linashuka. Hakusimulia kitu. Neno lake lilikuwa moja, kila siku, la kuulizia mkaa wa kupikia: "Mama, makala iko?" Mama anajibu iko, au hajibu, ana kazi zake. Mimi nilikuwa namwigiza mbele ya wenzangu. Mtaa mzima ulikuwa unajua.

Basi, askari aliposimama pale mlangoni na kufungua mdomo, shetani wa sifa akanipanda. Nikasema kwa sauti ya kaka yangu mwenyewe: "Mama, makala iko?"

Walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Kaka akasimama, akapita katikati yao taratibu, akatoka.

Nilimkuta nyumbani anafunga nguo zake kwenye mfuko. Nilitegemea ngumi. Hakunipiga.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "ule mutu pa mulango, ya kweli anasemaka nini?"

"Si nilishasema?"

"Hapana. Ya kweli. Mi nakuyaka ku video kila Jumapili juu ya ile tu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, mwanangu. Neno dogo kama punje. Lakini mimi, mtafsiri wa Manika, niseme sijui? Nikamwambia, "Nilishasema, yaya," kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Basi," akasema.

Mama, aliyekuwa anachekecha unga, aliweka chekeche chini. "Weye," akasema, "mudomo yako itakulisha, lakini haitakupa ndugu." Kesho yake kaka akapanda treni ya Mutshatsha. Huko akawa anachoma makala. Hakurudi kuishi kwetu tena. Nilipopata mali nilimtumia mablanketi, redio, hata mabati ya nyumba. Kutoa najua sana. Kukaa naye tu, sikujua nianzie wapi.

Mwaka huu binti yangu, aliyesoma Kiingereza, alinitafutia filamu ile. Tukaitazama sebuleni, kwenye televisheni kubwa kama meza ya kulia. Tulipofika mlangoni nikamwambia, simamisha, sasa niambie. Nilikuwa nangoja neno zito. Nilidhani pengine anaomba msamaha kwa yule wa mikono.

"Papa, anauliza kama kuku zimeshaingia."

"Kuku gani?"

"Kuku zao. Kama mke amezifungia."

Tukarudisha mara tatu. Ni kuku. Nilikaa pale nimechanganyikiwa. Mtu amevuka mto na maiti mgongoni, anakuja kuuliza kuku? Na kwa nini mimi ndiye ninayelia?

Asubuhi nikawasha gari, nikaenda Mutshatsha. Nilimkuta kaka ukutani, nywele zimekuwa nyeupe. Nikakaa chini kando yake na suruali yangu ya bei.

"Yaya, siku ile nilikudanganya. Kingeleza nilikuwa sijue. Ule mutu aliuliza kama kuku zimeshaingia."

Akauliza, "Na bibi yake hakujibu?"

"Hakujibu."

Akatikisa kichwa. Sijui aliridhika au aliumia. Uso wake sikuweza kuusoma, na sasa naogopa kubuni. Kisha akaniuliza, polepole, akitazama mbele: "Kule kwako, makala iko?"

Kwangu tunapika kwa umeme, mwanangu, umeme wa bwawa la Nzilo, majiko mawili. Nikamwambia, "Imeisha, yaya."

Akanyanyuka. Akanijazia magunia mawili, akayafunga mwenyewe, akakataa nisimsaidie.

Sasa nasaha yangu ni hii, na sijui kama nimeielewa yote. Mtu aliyenyamaza usimsemee, hata kama una kipaji cha maneno kama changu. Akikuuliza kitu kidogo, kuku, makala, mvua, inua uso umjibu; pengine mlango mwingine hana. Na usilolijua, sema sijui, mapema, kabla treni haijaondoka.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa sifa, na popote utakaporudi umechoka, akuwekee mtu wa kukuitikia.