Upande wa Pili wa Picha ya Mrushaji

Kitabu chenyewe kilikuwa kizito kama mfuko wa simenti, na mifuko ya simenti nimeibeba, naijua. Nilikiokota Muaither, mtaa wa Doha kule Qatar, kwenye kampaundi ya nyumba za wageni niliyokuwa nikilinda, siku mwalimu mmoja mzee wa Kimarekani alipohama na kuacha katoni kando ya pipa la taka. Ndani mlikuwa na pasi mbovu, kiatu cha mguu mmoja, na kitabu hicho cha mashujaa wa kwanza wa besiboli: wanaume wenye masharubu ya kufagilia uwanja, mashati ya sufu na vikofia vidogo, wote wakiitazama kamera kana kwamba imewakosea.

Besiboli sikuijua. Kiingereza ndicho nilichokijua, na kujitapa nacho. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, katika shule ya jioni, taa moja kwa wanafunzi arobaini. Mbu wa darasa lile nadhani nao walifanya mtihani, na walinishinda. Cheti changu nilikibeba hadi Doha, nikakitia kioo na kukitundika ukutani juu ya kitanda changu kule Najma, na kwa sababu yake chumba kizima, watu sita, wakaniita Mwalimu.

Kitanda cha chini yangu alilala mtu wa Voi aliyenizidi miaka kumi na mitano. Mimi nilimwita mzee. Kwao alikuwa fundi cherehani. Doha alikuwa dobi wa hoteli, akivuta mashuka mabichi kutoka kwenye mashine kubwa kuliko chumba chetu. Mpango wake tuliujua wote kama tunavyojua salamu: mkataba mmoja zaidi, kisha arudi afungue duka la kushona sare za shule. Cherehani alikwisha kuinunua. Ilikuwa sebuleni kwake, imefunikwa leso, ikimngoja.

Siku yetu ilikuwa Ijumaa. Yeye akitoka msikitini, mimi nikitoka kanisani, maana huko hata sisi Wakristo tulisali Ijumaa, tulikutana chumbani. Yeye alikanda chapati, mimi nikasoma na kumtafsiria, kwa kuwa Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya sabuni.

"Huu si raundas, Mwalimu? Mchezo wa wasichana wa shule?"

"Raundas gani, mzee! Huyu hapa alipiga mpira Jumapili, ukaanguka Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Ya wiki iliyofuata."

Alicheka mpaka unga ukamwagika. Basi nami nikanogewa. Mdakaji aliyedaka bila glavu nilimvunja vidole kumi. Kitabu kilisema vitatu. Uwanja wenye watu elfu moja niliujaza watu kama mchanga wa Qatar.

Aliyempenda zaidi alikuwa mrushaji mmoja mwenye picha ya ukurasa mzima, mkono mrefu unaoning'inia kama kamba ya kisima. Mama yake alikuwa mfua nguo. "Huyu ni wetu," mzee alisema, na kila Ijumaa aliniambia nianze na huyo.

Ikaja Ijumaa aliyokanda unga kwa mkono wa kushoto. Tukamtania kwamba anajifunza ufundi mpya. Akacheka, halafu chapati zilipoiva akaniuliza taratibu, macho kwenye kikaango:

"Hivi yule mrushaji wetu, kurusha kote kule, bega halikumuuma?"

Jibu nilikuwa nimelisoma. Lilikuwa nyuma ya picha yake, upande wa pili wa ukurasa. Bega lilimuuma, akalificha asiachwe na timu, akarusha hivyo msimu mzima hadi mkono ukafa. Alimaliza maisha akifagia kilabu cha pombe ambacho ukutani kilitundika picha yake.

Sasa hayo unamwambiaje mtu Ijumaa, chapati ikiwa moto?

"Liliuma!" nikasema. "Liliuma mpaka majirani wakalalamika. Naye akanyamaza tu, akarusha, akarusha. Msimu ulipoisha maumivu yakachoka yenyewe, yakahama."

"Yakahama?"

"Na virago vyao, mzee. Akarusha miaka kumi mingine."

Akatikisa kichwa polepole, akiwa amejishika bega la kulia. Niliuona ule mkono pale begani. Nikamega chapati.

Aliyefanya kazi Ghuba anajua: mkataba ukikaribia kufanywa upya, hakuna anayeugua. Homa unaificha kama nyama wageni wakibisha hodi. Mzee alibakiza miezi mitatu. Angekwenda hospitali ningemsindikiza, hata karatasi ningemsomea, lakini sasa alikuwa na mfano wa kuufuata, na mfano huo nilimpikia mimi. Alilala ameketi, mgongo ukutani. Wenzetu walimfungia vifungo vya shati. Asubuhi, tukingoja basi, niliuliza, "Yamehama, mzee?" Naye, uso umemkauka, akajibu, "Yanafunga mizigo, Mwalimu." Tukacheka. Miezi mitatu tulicheka hivyo.

Mkataba alitia sahihi huku mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Tulichinja kuku wawili; mimi nikitoa hotuba nilisema walikuwa mbuni. Wiki mbili baadaye shuka bichi likamponyoka, na alipotaka kuliokota mkono haukuinuka kabisa.

Hospitalini nesi alikuwa Mkenya mwenzetu. Alitueleza kwa Kiswahili kile daktari alichosema: mshipa wa bega ulikatika zamani, nyama zimesinyaa, hakuna cha kushonea. Angekuja mapema pangekuwa na la kufanya.

"Nani alimwambia avumilie?" nesi akauliza, akinitazama mimi kwa kuwa ndimi niliyevaa tai.

"Besiboli," mzee akasema, akajaribu kucheka.

Hoteli ikamrudisha nyumbani. Siku ya safari tulimfungia sanduku, maana yeye hakuweza, na akaniomba kitu kimoja: ile picha ya mrushaji. Ataitundika juu ya cherehani, akasema. Huenda maumivu bado yako njiani kuhama. Nilijua yaliyoandikwa nyuma yake. Nilijua pia ana binti kidato cha tatu, anayesoma Kiingereza kama maji. Na wenzetu wanne wamesimama wananitazama. Nikaukata ukurasa kwa wembe, sawasawa, nisiuharibu.

Alipiga simu baada ya mwezi. Tukasalimiana, tukaulizana mvua, joto, afya. Kisha akasema:

"Mwalimu. Binti yangu amenisomea ule upande wa pili."

Mimi, niliyeurusha mpira ukakaa hewani siku tisa, nikainua macho ukutani.

"Kumbe aliishia kufagia," akasema. "Wewe ulikuwa umeona?"

Cheti kilikuwa pale ukutani, kioo chake kina vumbi.

"Kiingereza cha zamani kile, mzee," nikasema. "Kilinishinda."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake mtu alikuwa akishona. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena, mshono wa mtu anayejifunza.

"Basi, Mwalimu," akasema. "Hukujua. Ungejua ungeniambia."