Gramafoni Isiyofika Kifuani

Baba yangu alikuwa mpiga ngoma, na masikio yake yalianza kufa kutokea sauti za juu. Walitangulia ndege, wakafuata watoto, kisha sisi wanawake wa nyumba yake. Alibaki na vishindo vizito tu: radi, kwato za ng'ombe zikirudi zizini, mchi wa mama kinuni. Hivyo, alisema, alivisikia kifuani.

Ngoma yenyewe haikuwapo tena. Ilikuwa mali ya kikundi cha mbina, wacheza ngoma wenzake, na vijana wa kikundi walipofuata dhahabu huko Geita waliibeba. Hata wangeiacha, sisi wanawake tusingeigusa, ndivyo tulivyolelewa.

Kaka yangu aliporudi kutoka machimboni alileta gramafoni. Alijivuna nayo kijiji kizima, eti sasa baba atasikia muziki mpaka achoke. Akazungusha mpini, akaweka santuri ya waimbaji wa pwani. Fidla zililia vizuri, sitakataa. Ngoma nayo ilikuwamo, lakini kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Baba aliweka kiganja juu ya sanduku. Akangoja.

"Imeanza?" aliuliza.

Kaka alihangaika. Alilipandisha juu ya pipa tupu, akalielekeza kwenye mdomo wa mtungi, mwisho akaliegemeza kwenye kitanda cha baba. Kila mahali palizidisha mkwaruzo tu. Nilimkasirikia kwa majivuno yake, kisha nikamwonea huruma. Mvunja mwamba mzima ameshindwa na kisanduku. Na mimi je? Sauti isiyomo ningeitoa wapi?

Mama, ambaye alikuwa uani na hakujua lolote, akaanza kutwanga mahindi ya jioni. Sakafu ikatetemeka, kitanda kikatetemeka. Vidole vya baba vikaanza kucheza juu ya sanduku.

"Sasa imeanza," alisema, machozi yakimlengalenga. "Wabeja, mwanangu. Asante sana."

Santuri ilipokwisha, kaka akazungusha tena mpini.

Nilitoka nikamweleza mama. Mahindi yalikuwa yamelainika kitambo. Alinitazama, akaukumba unga wote ungoni, akarudi kwenye kinu kitupu. Mikono yake ilikuwa imechoka.

"Mpaka lini?" aliniuliza.

Nikachukua mchi wa pili.